Nimeomba bibo, naletewa machweo ya dhahabu

Jamani, hizi picha za akili mnemba zimenifika kooni. Shangazi anauza korosho za kukaanga pale Mikindani, akaniomba nimtengenezee picha ya kubandika kwenye vifungashio. Nikaandika vizuri kabisa: bibo jekundu, korosho yake ikining'inia chini, mama wa makamo kajifunga kanga, mchana wa kawaida. Ikaja picha ya binti anayeng'aa kama kapakwa nta, msitu wa ukungu, machweo ya dhahabu, na korosho imo ndani ya tunda kama kokwa ya embe! Mtoto yeyote wa Newala anajua korosho inakaa nje, chini ya bibo.

Siku mbili nabadilisha maneno, bando likaisha, kumbe tatizo halikuwa maneno. Kwenye Midjourney, programu ya kutengeneza picha ninayotumia, kuna kipimo cha mtindo (stylize), kinaanzia 0 hadi 1000, na kinakuja kimewekwa 100. Ukikipandisha, programu inafuata urembo wake na maelezo yako inayapa kisogo. Ukikishusha, inakusikiliza zaidi. Changu kilibaki 750 tangu nilipotengeneza kadi ya harusi. Kwa nini wakifiche ndani kabisa ya mipangilio, tena kwa Kiingereza kitupu?

Nilipokishusha hadi 50, shangazi akapata kanga yake na mchana wake. Korosho, lakini, ikahamia juu ya bibo. Hapo nadhani mtindo hauhusiki tena: mashine haijaonyeshwa mikorosho ya kwetu ya kutosha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.