Kukiri kosa bila kuelewa shtaka

Mwandishi wa makala kuhusu vijana wa Ethiopia waliohukumiwa hapa Kenya bila wakili anadai walikiri wenyewe kuwapo nchini kinyume cha sheria, kwa hiyo hata wangepewa wakili hukumu ingekuwa ileile. Hapo sikubaliani naye kabisa. Mimi ni Mborana wa Moyale, mpakani na Ethiopia, nimewahi kuitwa kortini kutafsiri Kioromo, na nimekuta washtakiwa wameshajibu kabla sijafika. Karani anasoma shtaka kwa Kiingereza, halafu Kiswahili cha mbiombio. Wa kwanza anaitikia kwa kichwa, wenzake wanamfuata, na yule wa nyuma hata hajajua hakimu ni yupi. Inaandikwa "ni kweli", basi. Sheria ya uhamiaji ya 2011 inaruhusu faini hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi miaka 3, na hao hata nauli hawana. Wakili angeanza kwa kuuliza: ulikimbia nini? Akijibu kwamba anaogopa kurudi, huyo ni mwomba hifadhi na ombi lake linapaswa kusikilizwa kwanza. Sikatai, wengi wanapita tu kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, lakini utawatenganishaje bila kuwauliza? Katiba, kifungu cha 50, inawapa mkalimani bila malipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi waziwazi, si raia peke yao. Ndugu wa Isiolo na Marsabit, kwenu mawakili wa msaada hufika siku ya kusomewa mashtaka, au watu wakishapelekwa jela?