Mrabaha wa Vimeng'enya: Dai la Watunza Chemchemi

Kampuni ya Cetus ya California ilimpata bakteria aitwaye Thermus aquaticus kwa dola 35 tu. Mwaka 1991, haki za teknolojia ya PCR, yaani njia ya kunakili vinasaba mara nyingi maabarani, inayotegemea kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) cha bakteria huyo, ziliuzwa kwa Hoffmann-La Roche ya Uswisi kwa dola milioni 300. Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, ambako mwanabiolojia Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimtoa bakteria huyo katika chemchemi ya maji moto, haikuambulia hata senti. Ndiyo maana watunza chemchemi wanadai mrabaha, yaani mgawo wa mapato ya vimeng'enya vinavyotoka kwao.

Wanaotetea makampuni wana hoja ya haki. Brock hakutafuta faida. Alichunguza namna viumbe wanavyoishi katika joto kali, akaikabidhi sampuli kwa matumizi ya watafiti wote. Kila mzunguko wa PCR hupasha vinasaba joto hadi kukaribia nyuzi 95, kiasi kwamba kimeng'enya cha awali kiliharibika na kulazimu kingine kiongezwe kila mara. Kuona kwamba kile cha Yellowstone kingemaliza adha hiyo kulihitaji akili na mtaji. Tena, jeni yake ilishahamishiwa kwa bakteria wa kawaida wa maabara, wanaokuzwa kwenye matangi, kwa hiyo chemchemi haipungukiwi kitu.

Lakini hesabu hiyo inaanzia maabara, ilhali milioni 300 zile zilianzia kwenye chemchemi iliyokutwa ingali hai. Huko Wairakei, New Zealand, visima vya umeme wa jotoardhi vilivyochimbwa kuanzia miaka ya 1950 vilizizima chemchemi zilizokuwa zikirusha maji juu, na hakuna ajuaye ni viumbe gani walipotea nazo. Yellowstone imelindwa tangu 1872, na kila mwaka wa ulinzi huo una gharama ambayo mnunuzi wa dola 35 hakuiona kwenye ankara yake.

Mahali pengine gharama hiyo hulipwa na watu wenyewe. Kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya, lenye maji ya magadi na chemchemi zinazochemka, wenyeji wa jamii ya Waendorois waliondolewa katika miaka ya 1970 kupisha hifadhi, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeona haki zao zilikiukwa. Mwaka 2007, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitia saini mkataba na Novozymes, kampuni ya vimeng'enya ya Denmark, kuhusu vijidudu vya hifadhi zake, unaojumuisha pia kuwapa ujuzi wanasayansi wa Kenya. Ni hatua njema, na inapunguza nguvu ya hofu kwamba kudai mgawo kutawafukuza watafiti.

Hofu ya urasimu ni ya kweli, kwani kibali kinachochukua miaka huua utafiti mdogo wa chuo kikuu kabla ya kuigusa kampuni kubwa. Kwa hiyo mtafiti wa msingi apewe njia fupi, na mrabaha udaiwe pale tu kimeng'enya kinapoingia sokoni, huku fungu la wenyeji walioondolewa likitajwa ndani ya mkataba wenyewe.