Sonara wa Kariakoo na duka la bunduki la Wisconsin

Mama alinipigia simu Jumapili ya Matawi mwaka 2017, hata viatu vya kanisani sijavua. Habari zilishamfikia Mbagala, Dar es Salaam, kwa WhatsApp, zimetiwa chumvi njiani: eti huku kwetu kuna mtu anazunguka na bunduki mia moja anawinda Wakristo.

"Rudi nyumbani, baba. Hela tutatafuta hapahapa."

Tukiondoa chumvi, kilichotokea ni hiki. Jumanne ya Aprili 4, mwanamume wa miaka 32 alivunja duka la bunduki mjini Janesville, jimbo la Wisconsin hapa Marekani, kusini mwa Madison ninapoishi, kama saa moja hivi kwa gari. Akaondoka na silaha 18. Muda si mrefu gari lake likakutwa linawaka moto karibu na hapo. Kumbe alishamtumia Rais Trump kwa posta maandishi ya kurasa 161 ya kuilaani serikali na dini. Basi jimbo zima likashika roho mkononi. Kanisani kwetu Padri alisoma Injili ya Mateso, ile ndefu, na polisi kasimama mlangoni, nasi tunageuka kila mlango ukilia. Siku kumi alitafutwa. Alikuja kuonekana zaidi ya kilomita 150 kutoka Janesville, kapiga kambi kwenye shamba la mtu karibu na Readstown. Mwenye shamba akapiga naye soga, kisha akapiga simu polisi. Alfajiri ya Ijumaa Kuu wakamkamata. Mwezi Desemba mahakama ikampa miaka 14.

Watanzania wenzangu wa huku hadithi hii huimalizia kwa sentensi moja: Wamarekani wana wazimu wa bunduki. Mimi naona kuna jambo jingine pale, na limenikaa kichwani miaka yote hii. Yule mtu alikuwa na rekodi ya jinai. Kisheria angeenda dukani mchana, akajaza ile fomu ya serikali ya shirikisho, ile ya Marekani nzima, nambari 4473, muuzaji akaulizia jina lake kwenye mfumo wa FBI, angekataliwa hapohapo kaunta. Sheria ilishamfungia. Ila ilimfungia kaunta tu. Usiku kaunta haina mtu, kilichobaki ni mlango, na mlango ule sheria ya shirikisho haina habari nao.

Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilibisha. Nilikuwa kazini, kwenye ghala la vipuri, na aliyeniambia ni mzee mmoja mwindaji wa paa, mtu mwenye bunduki nyingi kuliko mashati yangu. Akanieleza taratibu. ATF, ile idara inayosimamia silaha na vilipuzi, inatoa leseni, na inaweza kumkagua mwenye duka, ukaguzi wa kawaida usiozidi mara moja kwa miezi 12. Akiibiwa, ana saa 48 tangu agundue kuwaarifu wao na polisi wa mji. Lakini kumlazimisha awe na king'ora, kamera, grili au sefu? Shirikisho halimlazimishi. Kuna ushauri mzuri tu, umeandikwa vizuri. Baadhi ya majimbo, kama Illinois hapo jirani, yameweka masharti yao. Tena Bunge limeizuia ATF kuwadai wenye maduka wahesabu mali yao kila mwaka. Yaani duka la mangi kule Mbagala Rangi Tatu lina hesabu ya stoku kila mwisho wa mwezi, hadi viberiti, na huku mwenye bastola mia mbili anaweza asihesabu.

Ndipo nikamkumbuka sonara. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nafuatana na shangazi Kariakoo, na kila jioni masonara walifanya jambo lilelile: wanatoa dhahabu yote kwenye kabati la vioo, bangili moja moja, wanaipanga kwenye trei za mahameli, inaingia kwenye sefu. Kabati linalala tupu. Halafu grili, halafu geti la chuma, halafu makufuli matatu ya Solex, halafu mlinzi wa Kimasai na rungu lake. Mwizi akipita vyote hivyo anakuta vioo vitupu. Na ile ni dhahabu tu, mtu hauawi kwa hereni. Ushauri wa ATF ukiusoma unasema karibu mambo hayohayo: usiku ondoa silaha kwenye vioo, fungia kwenye sefu, la sivyo pitisha waya wa chuma kwenye vikinga vya vifyatulio, na weka nguzo za zege mbele ya duka, maana huku wezi huja na gari la wizi wakaligongesha kwenye mlango kinyumenyume. Sonara hakuhitaji ATF kumwambia. Alijua hasara ni yake. Na nadhani hapo ndipo penye siri: bunduki ikiibwa, hasara ya mwenye duka ni bei yake, ambayo bima inalipa. Hasara nyingine yote inamwangukia mtu asiyelijua hata hilo duka lilipo.

Kuhusu moto nao niseme kidogo. Moto kwenye wizi wa namna hii una kazi yake, unakula alama za vidole na kila kitu kilichoguswa. Ukiingia ndani ya duka lenyewe unakula pia madaftari, na Marekani haina daftari kuu la taifa la wenye bunduki. Sheria ya mwaka 1986 inalikataza. Polisi wakiokota bastola Milwaukee, wanaiomba ATF, ATF inauliza kiwanda, kiwanda kinataja duka, duka linafungua karatasi zake. Karatasi zikiwa majivu, uzi umekatika. Ila risasi zenyewe ndani ya moto si balaa kama mama anavyofikiri. Risasi ndogo ikiungua nje ya mtutu, ganda linapasuka na kuruka hatua chache, zimamoto wakivaa mavazi yao wanaweza kuusogelea.

Mama hakukubali hilo, na ana haki. Yeye Aprili 29, 2009 alikuwa Mbagala, Jumatano ile ghala la mabomu lilipolipuka. Hizo hazikuwa risasi za kuwindia paa. Mabomu yaliruka hadi mitaa ya mbali, watu wakajazana Barabara ya Kilwa na watoto mgongoni, zaidi ya 20 wakafa. Haikutimia miaka miwili, Februari 16, 2011, yakajirudia Gongo la Mboto.

Hapo ndipo ninapowakatalia ndugu zangu wanaojisifu kwamba sisi bunduki tumezidhibiti. Mnunuzi tumemdhibiti, kweli. Ukitaka bunduki unaanzia serikali ya mtaa, jina lako linajadiliwa na kamati hadi wilayani, na mwaka 2016 wenye silaha wote walitakiwa kuzipeleka zikahakikiwe. Mwindaji wangu wa Wisconsin akisikia hivyo anaweza kuzimia. Lakini mwizi wa kwetu naye haendi kwenye kamati. Alikwenda kituo cha polisi Ushirombe mwaka 2014, Ikwiriri Januari 2015, na Stakishari pale Ukonga Julai mwaka huohuo, ambako watu saba waliuawa, askari wanne kati yao. Kote huko kilichofuatwa ni silaha za kituo. Kama ni mlango, wa kwetu pia umevunjwa, tena ukiwa na damu mlangoni.

Ningepewa kuchagua, ningeleta sonara Wisconsin. Nyumbani ningepeleka zile saa 48 za kutoa taarifa. Janesville tuliambiwa mapema zimeibwa silaha ngapi, sura ya mtu tukaijua, hata mkulima kwenye shamba lake aliweza kumtilia shaka mgeni wake. Kwetu habari ya ghala mwananchi huipata kwa masikio, siku linapolipuka.

Siku nyingine nilimweleza mama haya yote kwenye simu, dakika arobaini. Akasikiliza. Kisha akasema, "Yale ya Mbagala yalikuwa ya serikali, baba. Sasa hilo duka la karibu na kwako, wameweka grili?"

Sikuwa nimewahi kuangalia. Kesho yake nikienda kazini nikapunguza mwendo. Kioo kitupu, mwanzo hadi mwisho. Mbele yake nguzo tatu za njano, nikafurahi, hadi nilipoona zinalinda mashine ya barafu.