Risiti Niliyoipiga Pasi

Mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka nikakariri vilivyobaki juu yake: kigari cha mtoto na sanduku la waridi lenye picha za paka. Sanduku langu jeusi, hola. Nikatoa kile kipande cha lebo nilichobandikiwa nyuma ya tiketi, na hapo ndipo nikaona herufi tatu za kiwanja ambacho sijawahi hata kukiota. Mimi nimeshukia huku, sanduku limekwenda kutalii.

Dada wa dawati la mizigo hakushtuka hata kidogo. Akanijazia ripoti, akanipa namba. "Kaka, usitoke hapa bila karatasi hii. Nunua vya lazima, utunze risiti."

Mimi nikasikia "nunua".

Kesho yake nilikuwa na usaili wa kazi, na mwilini nilikuwa na kaptura na kandambili. Nikanunua shati, suruali, viatu na mswaki. Kisha, kwa kuwa mlipaji ni mwingine, nikaongeza manukato. Chupa kubwa. Risiti nikaikunja, nikaitia mfuko wa nyuma na kuikalia siku tatu.

Nikaanza kusoma haki zangu. Safari za kimataifa kama ile yangu ziko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mizigo ni SDR 1,519 kwa abiria; SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni karibu dola 2,000 za Marekani. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nazitumia kichwani.

Shemeji ndiye aliyenikata maini. "Hiyo ni dari, shemeji, si zawadi. Unalipwa hasara unayoweza kuionyesha. Haya, risiti iko wapi?"

Risiti ilikuwa imejikunyata kama jani kavu. Nami, mtu wa unadhifu, nikawasha pasi.

Karatasi za namna ile hazina wino. Zimepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, jambo ambalo nililijua nikiwa nimeshachelewa. Nilichokiona ni weusi ukitambaa kutoka pembeni, ukameza mswaki, ukameza shati, ukamalizia na jumla. Nilipoinua pasi, nilikuwa nimeshika usiku wa manane wenye pembe nne.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, ikaja fomu ya kuorodhesha vilivyomo sandukuni. Mkataba unasema mzigo usipofika ndani ya siku 21 unaweza kuudai kama uliopotea, nami nilikuwa nimeshaufanyia matanga. Nikaandika: suti mpya ya sufu, viatu vya ngozi halisi, kamera ya kitaalamu. Kalamu ilikuwa inateleza yenyewe.

Siku ya 16 sanduku likarudi.

"Karibu kaka, tuhakiki pamoja," akasema dada yule yule, orodha yangu mkononi. Akafungua zipu. Suti mpya ikatoka na kiraka chake kwenye goti. Viatu vya ngozi halisi vilikuwa vinacheka, soli mbali na mwili. Kamera ya kitaalamu ilikuwa imefungwa kwa mpira wa nywele ili betri isidondoke. Kila alichokitoa alikisoma kwa sauti jinsi nilivyokiandika, taratibu, bila kutabasamu. Ningefurahi kama angetukana.

"Hakuna kilichopotea wala kuharibika," akasema. "Kama kingeharibika, ungekuwa na siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Sasa yamebaki madai ya kucheleweshewa. Hayo una siku 21 kuanzia leo. Risiti?"

Nikampa ule usiku wa manane. Akaugeuza, akauinua kwenye taa.

"Hii ni ya kununulia mkaa?"

Ikabidi nirudi dukani kuomba nakala. Muuzaji akaitafuta kwenye mashine, akaichapa, akaniasa nisiiweke juani. Nikaibeba kwa vidole viwili kama kifaranga.

Dada akapitia: shati, sawa. Suruali, sawa. Viatu, sawa. Mswaki, sawa. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Manukato. Haya nayo yalikuwa ya dharura?"

Nikainama mezani ili nijieleze vizuri, na siku hiyo nilikuwa nimeyapaka kwa kutumia nguvu. Akapiga chafya tatu mfululizo, akachukua rula na kuukata ule mstari.