Gati la Tanga, mzigo wa kwetu

Kwenye kosta ya Moshi kwenda Arusha jamaa mmoja alikuwa anaangalia simuni meli ikimwaga mchanga baharini kupanua bandari. Akasema kwa sauti: "Hela zetu hizo zinamwagwa kwenye maji, na sisi wa mlimani bahari wala haituhusu." Kosta nzima ikacheka. Mimi nilinuna kuanzia Boma mpaka Kikatiti.

Haituhusu! Bati la nyumba yako limetoka wapi? Mitumba ya Memorial je, au inaota Marangu? Hata kahawa yetu haiendi Ulaya kwa bodaboda.

Bahari inajazwa kwa sababu meli za kontena zimekuwa kubwa, zinataka kina, na kontena zikishashushwa zinataka uwanja. Nyuma ya bandari kuna mji, hakuna pa kusogea isipokuwa majini. Mchanga unashindiliwa na kuachwa utulie kwanza, la sivyo kreni zitazama. Wakenya wamefanya hivyo Mombasa kwa mkopo wa Wajapani, awamu ya kwanza ikafunguliwa 2016. Wachaga wenye hesabu zao wanaijua vizuri njia ya Holili, mpakani, kwenda Mombasa.

Sasa Tanga. Kwa miaka mingi meli ilitia nanga kama kilomita 1.7 nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukaletwa gatini, ukapakuliwa upya. Kazi mara mbili, na anayelipia ni mwenye duka wa Arusha, kisha wewe mteja wake. Serikali ikatoa shilingi bilioni 429.1, kina kikachimbwa hadi mita 13, gati mbili zenye urefu wa mita 450 zikajengwa. Hapo napiga makofi, na si kawaida yangu.

Lakini mzigo ukishafika gatini unapandaje huku? Kwa semi! Korogwe, Mombo, Same, foleni ya malori inahema kando ya reli iliyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Reli ileile nyembamba, upana wa mita moja, ambayo tuliiacha ilale miaka mingi, treni ya abiria ikarudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha 2020, tukacheza ngoma kama tumevumbua gurudumu. Dar hadi Dodoma wanapanda treni ya umeme. Sisi tunasubiri SGR, reli ya kisasa, ya Tanga, Arusha hadi Musoma, ambayo mpaka sasa inatembea kwenye hotuba tu.

Haya, wavuvi wana haki ya kulalamika maji yakichafuka, na Tanga kuna silikanti, samaki ambaye hifadhi yake ilitangazwa 2009. Wasikilizwe, walipwe.

Ila uchaguzi ukija, mgombea akipanda jukwaani Majengo ya Moshi au Ngarenaro ya Arusha, mimi simuulizi habari za kisima. Namuuliza mwezi uliopita mabehewa mangapi ya kontena yalipanda kutoka Tanga. Akianza kuniambia bandari ni mambo ya watu wa pwani, nashuka zangu nikanywe mbege.