Urubani wa Jeshi Marekani: Unajifunga Lini, Unaambiwa Lini?

Katika familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, kijana akisema anataka kuwa rubani wa jeshi, mjadala huisha pale linapotajwa neno ufadhili. ROTC ya Jeshi la Anga, mpango wa kuandaa maofisa chuoni, italipa karo, kijana atavaa sare mara moja kwa wiki, atahitimu akiwa luteni, na ndege itafuata. Hesabu hiyo ina kasoro moja, nayo iko kwenye tarehe. Kila mpango wa kuandaa maofisa vyuoni una siku mbili za kuangaliwa: siku kijana anapojifunga kisheria kulitumikia jeshi, na siku anapoambiwa kama atafundishwa urubani au la. Katika mipango mingi siku ya kujifunga hutangulia. Upo mmoja uliozigeuza siku hizo, na ndio wazazi wanaouogopa kuliko yote.

Tuanze na ROTC ya Jeshi la Anga, maana ndiyo inayojulikana. Mwenye ufadhili hujifunga anapoanza mwaka wa pili. Asiye na ufadhili hujifunga anapoingia miaka miwili ya mwisho ya mpango, baada ya mafunzo ya kiangazi katika kambi ya Maxwell, Alabama. Bodi inayochagua marubani kwa kawaida hukaa akiwa mwaka wa tatu. Inatazama mtihani wa AFOQT, kipimo cha TBAS kinachofanyika kwenye kompyuta kwa usukani na pedali, alama za darasani, mazoezi ya mwili, na nafasi ambayo kamanda wake wa chuoni amempa kati ya wenzake. AFOQT, TBAS na saa alizorusha ndege za kiraia huchanganywa kuwa namba moja, PCSM, inayoanzia 1 hadi 99. Kigezo kizito kuliko vyote hivyo ni nafasi aliyopewa na kamanda, na hicho hakisomewi. Kijana wa chuo chenye kadeti wengi hodari anaweza kuwa wa kumi kwao huku mwenye uwezo kama wake akiwa wa pili kwingine.

Asipochaguliwa, mkataba haufi. Atatunukiwa kamisheni, yaani cheo cha ofisa, kama kawaida na kupangiwa kazi ambayo jeshi linaihitaji. Anaweza kupelekwa kwenye ugavi, au kulinda makombora ya nyuklia katika kambi ya Minot, North Dakota. Ni kazi za heshima, lakini kama alijiunga kwa ajili ya ndege tu, atakuwa amelipia miaka minne kwa bidhaa ambayo hakupewa. Akiamua kuvunja mkataba, serikali inaweza kumdai ufadhili wote aliokwisha kupokea, au kumwita jeshini akiwa askari wa kawaida.

Chuo cha Jeshi la Anga kule Colorado Springs kina umbo lilelile. Hakitozi karo, kinahitaji uteuzi, mara nyingi wa mbunge au seneta, na mwanafunzi hujifunga anapoanza masomo ya mwaka wa tatu, kazi zikigawiwa baadaye. ROTC ya Jeshi la Wanamaji hugawa kazi mwaka wa nne, na mwenye ufadhili huwa amejifunga tangu wa pili.

Sasa huo mmoja. Kikosi cha Marine kina mpango uitwao Platoon Leaders Class, kwa kifupi PLC. Hauna darasa chuoni wala gwaride la kila wiki, na muhula mzima unaweza kupita bila sare. Mwanafunzi anayeanza mapema huenda kambi ya Quantico, Virginia, kwa viangazi viwili vya wiki 6 kila kimoja. Anayeanza akiwa mwaka wa tatu huenda mara moja kwa wiki 10. Hulipwa mshahara kwa muda anaokuwa kambini.

Kinachosahaulika ni mkataba wa anga ndani ya mpango huo. Mwombaji hufanya mtihani wa ASTB, hupimwa afya ya urubani, na akifaulu vyote viwili huandikiwa nafasi ya shule ya urubani kabla hajaenda Quantico. Hapo hajajifunga bado. Akimaliza mafunzo, kisha akahitimu shahada, anaweza kuikataa kamisheni akaondoka, mradi hakuchukua pesa za karo za Marine. Anajua anachopewa kwanza, anasaini baadaye. Kwa kijana wa miaka 19 ambaye kwao hakuna ndugu aliyewahi kuwa ofisa wa kumweleza maandishi madogo, mpangilio huu una thamani ambayo ufadhili haulipi.

Mpango huu unaogopwa kwa sababu ya jina Marine. Mzazi akisikia hilo anaona mtoto akitambaa kwenye matope na bunduki. Na ni kweli atatambaa. Baada ya kamisheni, kila ofisa wa Marine, rubani akiwemo, hupitia The Basic School kwa takriban miezi sita akijifunza kuongoza askari wa miguu. Tofauti ni kwamba huko wenzake wanashindania kazi kwa nafasi ya darasani, na yeye kazi yake imeshaandikwa. Akitoka hapo anaelekea Pensacola, Florida, kisha ndege ya mafunzo ya T-6B, shule moja na marubani wa Jeshi la Wanamaji.

Mtihani wa ASTB unastahili kutazamwa kwa karibu, maana mlango huu unafunguka au kufungwa hapo. Kuna hesabu, ufahamu wa kusoma, ufundi wa mitambo, na maswali ya anga na bahari. Marine wanataka walau 4 kwenye AQR, alama ya masomo, na 6 kwenye PFAR, alama ya urubani, vipimo vinavyoishia 9. Sehemu inayoangusha watu ni ya usukani. Unavaa vipokea sauti, namba na herufi zinasomwa masikioni kwa wakati mmoja, tofauti kila upande. Unaambiwa usikilize sikio moja. Ukisikia namba witiri unabonyeza kitufe cha usukani, ukisikia shufwa unabonyeza cha mkono wa pili. Mara kioo kinaweka shabaha zinazotembea, nawe unazifuata kwa mikono yote miwili huku namba zikiendelea. Kabla ya hapo unaonyeshwa ramani yenye ndege inayoelekea, tuseme, kusini mashariki, na picha ya jengo lililozungukwa na maegesho manne. Sauti inasema: maegesho ya kaskazini. Saa inahesabu. Wanaofaulu wamechora dira kwenye karatasi na kuizungusha mara mamia nyumbani. Wanaoanguka hudhani watafikiria palepale. Mtihani huu unaruhusiwa mara tatu tu maishani: jaribio la pili baada ya siku 30 kupita, la tatu baada ya siku 90 nyingine. Anayeingia la kwanza ili "aone tu ulivyo" ameshatupa theluthi ya nafasi zake.

Upande wa pili una hoja nzito.

Ya kwanza ni pesa. PLC hailipi chuo kama ROTC inavyolipa, na msaada mdogo uliopo, ukiuchukua, unakuondolea ule uhuru wa kukataa kamisheni. Familia isiyo na namna nyingine ya kulipa karo haiwezi kuambiwa tarehe ni muhimu kuliko shahada yenyewe.

Ya pili ni macho. Jeshi la Anga hupokea anayeona 20/70 bila miwani ikiwa miwani humfikisha 20/20. Wanamaji na Marine hawavuki 20/40, yaani herufi unayoisoma wewe kwa futi 20, mwenye macho mazima huisoma kwa futi 40. Kijana wa 20/60 anaingia mlango mmoja na kugonga mwamba kwenye mwingine, isipokuwa afanyiwe upasuaji wa PRK au LASIK na apate kibali maalumu. Anayechagua upasuaji ahifadhi vipimo vyake vya macho vya kabla ya upasuaji, kwa sababu madaktari wa jeshi huvidai, na kliniki ikishafungwa hakuna wa kuvitoa.

Ya tatu ndiyo inayouma. Mkataba wa anga unaahidi kiti cha shule ya urubani kwa sharti la kubaki na afya. Madaktari wa anga wa Pensacola hupitia karatasi kabla ya mkataba, kisha humpima mtu mwenyewe akifika kwao. Kati ya vipimo hivyo viwili inaweza kupita miaka. Likionekana jipya kwenye jicho au moyo, ofisa huyo tayari ana kamisheni, na Marine watampangia kazi ya ardhini. Ahadi iliyokuwa bora kuliko zote inaishia hapo. Dawa pekee ni kupimwa kikamilifu kwa daktari wa macho wa kiraia kabla ya kuomba, pamoja na rangi na umbo la konea, na mboni zikiwa zimetanuliwa kwa dawa. Pumu iliyoendelea baada ya miaka 13 nayo iandikwe kwenye fomu, isifichwe. Kufichuka kwake Pensacola ni kubaya mara mbili.

Ya nne ni aina ya ndege. Mkataba hautaji ndege. Marine wana jeti za F-35 na ndege za mizigo za KC-130J, lakini wana pia helikopta za CH-53, AH-1Z na UH-1Y, na Osprey nyingi zinazogeuza rafadha. Saa za Osprey huhesabiwa kwenye daraja lake peke yake, na saa za helikopta hazichukui nafasi ya saa za ndege. Rubani wa jeshi anaweza kupata leseni ya mashirika ya ndege kwa saa 750 badala ya 1,500, ila aliyerusha helikopta tu lazima atafute saa za ndege kwingine, mara nyingi kwa gharama yake. Anayeliona jeshi kama njia ya kufikia shirika la ndege apime hilo sana. Jeshi la Anga lina ndege kubwa za mizigo na za kujaza mafuta kuliko wengine wote.

Halafu miaka ya utumishi. Jeshi la Anga linadai 10, Wanamaji na Marine 8 kwa jeti, na Jeshi la Nchi Kavu lilipandisha hadi 10 Oktoba 2020. Saa hiyo huanza siku ya kuvishwa mbawa, beji ya kuhitimu urubani, na mbawa huja miaka miwili au mitatu baada ya kuhitimu chuo. Anayesikia 10 ahesabu 12 au 13. Mwaka 2023 zaidi ya marubani 600 wa Jeshi la Nchi Kavu waliambiwa kwamba miaka 3 ya ziada, waliyoahidi walipokuwa kadeti ili wapewe tawi la anga, ingefuata baada ya ile ya urubani. Wao walikuwa wakiamini inakwenda sambamba nayo. Walisaini wakiwa wanafunzi, wakapelekewa hesabu wakiwa na watoto.

Kwa hiyo nikipima yote, kijana mwenye macho ya 20/40 au bora, ambaye karo yake imepata njia, na ambaye hatajuta akipewa helikopta, aombe mkataba wa anga wa PLC kabla ya kusaini ufadhili wowote. Aanze mwaka wa kwanza au wa pili, akimbie maili 3 hadi karibu na dakika 18, muda unaompa mwanamume alama zote kwenye kipimo cha mbio cha Marine, na aongeze umbali taratibu, kwa sababu miguu inayopasuka nyufa za mifupa Quantico ni ile iliyoanza kukimbia mwezi mmoja kabla. Ambaye karo ndiyo inayomzuia kusoma aende ROTC, akijua kwamba kiti cha rubani bado kinashindaniwa.

Jambo moja linatangulia mipango yote: kamisheni ni ya raia wa Marekani tu. Mtoto mwenye ukaazi wa kudumu anayeishi na mzazi huwa raia moja kwa moja mzazi huyo akiapishwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Baada ya hapo lazima aombe mwenyewe, na foleni hiyo inaweza kumla mwaka mzima wa chuo. Mzazi ambaye fomu yake ya uraia iko kabatini na mtoto ana miaka 16 aipeleke sasa, na akishaapishwa amwombee mtoto pasipoti ya Marekani, ili siku ofisa wa usajili atakapotaka ushahidi uwepo mkononi.