Nilivyoeleza Handaki Mpaka Nikaingia

Kazi yangu siku ile ilikuwa ndogo tu: kuwatembeza wageni saba bustanini na kuwasimulia historia ya nyumba. Mtembezaji wetu wa kawaida alikuwa anaumwa, nami nilikesha nikikariri karatasi zake mpaka nikajiona profesa.

Mbele ya nyumba nyasi zimetandazwa kama zulia hadi malishoni. Ukiwa barazani utadhani kondoo wako humo humo bustanini. Nikawageukia wageni, nikawa natembea kinyumenyume kama wanavyofanya watembezaji wa watalii. (Aliyeanzisha mtindo huo lazima alikuwa na macho kisogoni.)

"Kabla Mwingereza Edwin Budding hajabuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830," nikaanza, "nyasi zilifyekwa kwa mikono au waliachiwa kondoo. Sasa, mwenye nyumba anapenda kuwaona kondoo dirishani, ila hataki wamlie maua. Uzio nao unamharibia mandhari. Afanyeje?"

Hatua moja nyuma.

"Anachimba handaki! Upande wa nyumba ukuta wa mawe, wima. Upande wa malisho, mteremko. Ukitokea nyumbani hulioni kabisa. Lilivuma Uingereza karne ya 18, likaitwa ha-ha. Horace Walpole, mwandishi wa Kiingereza wa karne hiyo, anasema ndivyo watu walivyomaka walipolikuta ghafla..."

Mama mmoja mwenye kofia pana akainua mkono, macho yamemtoka.

"Maswali mwishoni, mama," nikamwambia, nikapiga hatua nyingine.

Hiyo haikukuta ardhi.

Nilichotamka hewani hakikuwa ha-ha. Nilitua kwa makalio kwenye tope lililochanganyika na mambo ya kondoo, karatasi zikinishukia moja moja, taratibu. Kondoo mmoja akasogea, anatafuna, akanikagua kama afisa uhamiaji. Nikajaribu kuukwea ukuta. Vidole vikateleza, kiatu kikabaki topeni. Ukuta ule ulijengwa kumzuia mnyama asirudi bustanini, na siku hiyo haukubagua. Ikabidi nipandie ule mteremko, nikazunguka malisho yote na kiatu kimoja, kundi zima likinifuata kama msafara wa waziri, mpaka lango la nyuma.

Wageni walikuwa wananingoja. Wakapiga makofi! Kumbe walidhani ndivyo somo linavyofundishwa.

"Safi sana, mwanangu," akasema mzee mmoja, anahangaika na simu yake. "Ila mimi sikuwahi kurekodi. Hebu rudia pale ulipofika ukutani."